Kiti cha Magurudumu

Basi la usiku kutoka Nairobi liliingia Mwembe Tayari saa kumi na mbili unusu asubuhi, na kaka yangu hakuwemo. Nilingoja mpaka abiria wa mwisho ashuke, mama mmoja aliyebeba kuku wawili ndani ya kikapu, kisha nikapanda mwenyewe kuangalia kama kalala viti vya nyuma. Utingo alinicheka.

"Dada, leo tumekuja nusu tupu. Nairobi hakuna mtu anayetoka. Watu wote wanakwenda kumwona Kibaki."

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 30 Desemba 2002. Kaka aliahidi kupanda basi Jumapili usiku akiwa na shilingi 18,500 alizochangiwa na wenzake wa kazini na watu wa mtaa wake. Nyumbani tulikuwa na 22,700: bangili ya dhahabu ya Mama iliyouzwa kwa sonara kwa bei ya aibu, zamu yake ya mchezo wa kina mama aliyoomba kupewa mapema, na akiba yangu ya kufundisha chekechea. Ukijumlisha unapata 41,200, na hiyo ndiyo ilikuwa bili ya Baba siku ile. Siku ile tu. Hospitali ilikuwa ikihesabu kitanda shilingi 400 kila kukicha, hata kwa mgonjwa aliyekwisha kupona.

Baba alikuwa na sukari kwa miaka tisa na alikuwa hataki kuambiwa. Mwezi wa Ramadhani ule, alipokuwa akitembea kwa ndara, msumari ulimchoma unyayoni. Hakusikia maumivu, na kutosikia huko ndiko kulikomponza. Daktari wa zahanati alimwambia ale, anywe dawa, apumzishe mguu. Yeye akafunga siku zote, akaenda kibarua chake cha kupakua magunia, na jioni akafutari tende na chai ya sukari kama kijana. Idi ilipofika mwanzoni mwa Desemba, kidole gumba kilikuwa cheusi na chumba kizima kinanuka. Walikata vidole, ikawa haitoshi, wakakata chini ya goti.

Ruhusa ya kutoka aliandikiwa tarehe 23. Lakini mlangoni mwa wadi palikuwa na askari, na askari alitaka karatasi yenye muhuri wa keshia. Asiyekuwa nayo hapiti. Kwa hiyo tangu tarehe 23 Baba alikuwa si mgonjwa wala si mzima. Walikuwapo wengine wanne kama yeye, wamelundikwa upande wa dirisha, wawili kitanda kimoja, na wauguzi wakawa hawawapimi tena. Mmoja alikuwa kijana wa pikipiki aliyekaa pale wiki saba. Alikuwa akiwafulia wengine shuka ili asichoke.

Niseme hapa, kwa wasomaji waliozaliwa juzi, kwamba M-Pesa ilikuja mwaka wa 2007. Mwaka ule wa 2002 pesa zilisafiri mfukoni mwa mtu. Ukimwamini mtu, unampa. Usipomwamini, unakwenda mwenyewe.

Nilitembea kwa miguu kutoka Mwembe Tayari. Nilikuwa na hasira, na nitasema kweli, nilikuwa na furaha pia, na vile viwili vilinichanganya kichwa. Mji ulikuwa haujalala. Kwenye vibanda magazeti yalikwisha kabla jua halijachomoza, na wanaume walisoma moja watu sita, mmoja akisoma kwa sauti. Wauza kahawa walikuwa wakimimina vikombe bila kudai. Matatu zilipita zikipiga honi na ule wimbo wa Unbwogable, ambao kwa miezi mitatu ulikuwa umegeuka kuwa mali ya upinzani. Mzee mmoja nisiyemjua alinishika mkono mbele ya duka la vitambaa, akaniambia, "Mwanangu, tumeyaona." Nikamjibu, "Tumeyaona, babu." Akaenda zake.

Nilizaliwa mwaka wa 1980. Moi alishika nchi mwaka wa 1978. Nilikunywa maziwa ya Nyayo shuleni, yale ya pakiti za pembe tatu, na nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba taarifa ya habari inaweza kuanza na jambo lingine mbali na Mtukufu Rais alikokwenda leo. Ijumaa iliyopita, tarehe 27, nilipiga kura kwa mara ya kwanza. Jumapili mchana Uhuru Kenyatta, aliyekuwa chaguo la Moi, akakubali kwamba ameshindwa, na Tume ikamtangaza Mwai Kibaki. Kura sita na ushei katika kila kumi. Wino ulikuwa bado uko kidoleni nilipoambiwa. Nilikuwa nikiuosha kwa uangalifu, nikiukwepa.

Sasa kaka yangu, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa Nairobi na pesa za mguu wa Baba, na alikuwa hakupanda basi.

Mama nilimkuta kibarazani nje ya wadi, ameketi juu ya kanga, kikapu cha mahamri kando. Nilimdanganya. Nilisema basi limeharibika Voi, litafika jioni. Uongo huo ulinitoka kabla sijaufikiri, na mara ile Mama akainua mikono kuwaombea abiria wote wa basi lile, madereva na watoto wachanga waliomo, dua ndefu, nami nikaitikia amina kwa basi ambalo halikuwepo.

Baba hakudanganyika. Nilipomwamkia shikamoo hakuitikia marahaba, aliuliza tu, "Yuko Uhuru Park, siyo?"

"Basi limeharibika Voi, Baba."

"Voi." Akageukia ukuta.

Kuhusu uchaguzi Baba alikuwa na neno moja, na lilitoka mwaka wa 1988. Huo ndio mwaka wa mlolongo. Hapakuwa na karatasi wala sanduku katika mchujo wa KANU. Wapiga kura walijipanga foleni nyuma ya mtu wanayemtaka, wahesabiwe. Baba alisimama juani saa nne. Foleni yao, kwa maneno yake, ilizunguka kiwanja cha mpira ikatokea upande wa pili, na ile nyingine ilikuwa ya watu unaoweza kuwapa chai kwa birika moja. Jioni redio ikatangaza kwamba ile ya birika moja ndiyo iliyoshinda. "Niliona kwa macho yangu," alikuwa akisema, "na redio ikaniambia sikuona." Hata hivyo kadi ya kura aliitunza. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake lililoning'inia kwenye msumari juu ya kitanda, na siku ya Ijumaa, siku ya kura, kijana wa pikipiki aliniambia Baba aliomba apewe shati lile, akalishika kifuani mpaka magharibi. Askari asingeruhusu. Na hata angeruhusu, Baba angekwenda vipi?

Maana kulikuwa na suala la kiti. Hospitali ilikuwa na viti vya magurudumu vitatu kwa ghorofa nzima, na kimoja kilikuwa kikitolewa kwa Baba kila asubuhi akaote jua. Alikikataa kila asubuhi. Alisema hicho ni kiti cha ombaomba. Alikuwa na sura maalumu akilini, naamini, ya wale wanaokaa njia panda na bakuli, na aliona akikaa mara moja hatainuka tena. Choo alikwenda kwa kunishika mimi bega moja na Mama bega jingine, akirukaruka kwa mguu uliobaki, jasho likimtoka. Kwa mkongojo alikuwa bado hajazoea.

Asubuhi ile nilitoka mara tatu kwenda kibandani kupiga simu. Kaka hakuwa na simu. Nambari tuliyokuwa nayo ni ya tajiri wake wa duka la vifaa vya ujenzi, na tajiri wake alikuwa hapatikani. Ikafika wakati hata mtandao wenyewe haupatikani. Nilisimama na kadi yangu ya kukwaruza nikawaza mambo ambayo msichana wa Mombasa anayawaza kuhusu Nairobi: vijana wanaokata mifuko kwa wembe, umati unaokanyagana. Elfu kumi na nane katika suruali ya mtu mmoja kati ya malaki.

Mchana sista mkuu, mwanamke mkali tuliyekuwa tukimwogopa, alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alitoa televisheni yake ndogo ofisini, akaiweka juu ya meza ya dawa katikati ya wadi, akanyoosha waya wa antena mpaka dirishani, akatuambia tukae kimya. Wadi nzima ilisogea. Wenye dripu waliburuta vyuma vyao. Wageni wa wadi ya jirani wakaja, askari wa mlangoni akaacha mlango. Nimeshawahi kuwaza kwamba wale watu watano wa dirishani wangeweza kutoroka wakati ule, wote kwa pamoja, na hapana ambaye angewaona. Hawakutaka. Walikuwa wakitazama.

Bustani ya Uhuru Park ilikuwa haionekani majani. Watu walikuwa juu ya miti, juu ya nguzo. Nilitazama nyuso. Kila kamera ilipopita nilimtafuta mwanamume mrefu mwenye shati la buluu, na walikuwa elfu. Mama alinikuta hapo, akanitazama namna ninavyotazama, akaelewa. Hakusema chochote kuhusu Voi. Alisema tu, "Moi, Kibaki, mimi namtaka mume wangu nyumbani," akaketi chini, naye akaanza kutafuta shati la buluu.

Moi alipofika walimzomea. Wakarusha udongo. Alikaa na rungu lake mkononi, uso haubadiliki, na katika wadi yetu wengine walicheka na wengine, nashangaa mpaka leo, wakanyamaza kama watoto wanaomwona baba yao akitukanwa na jirani. Mimi nilikuwa katika wale walionyamaza. Sikutegemea.

Kisha wakamleta Kibaki.

Sote tulijua kwamba alipata ajali tarehe 3 Desemba, karibu na njia panda ya Machakos, na kwamba alitibiwa London. Lakini kujua si kuona. Walimleta katika kiti cha magurudumu. Mguu mmoja ulikuwa umenyooshwa mbele, mweupe kwa plasta, na shingoni amevaa kitu cha kumzuia asigeuze kichwa. Wanaume walimsukuma, kiti kikakwama, wakakiinua. Aliapa akiwa katika kiti kile. Alihutubia akiwa katika kiti kile. Rais wa Jamhuri ya Kenya na Amiri Jeshi Mkuu alikuwa amekaa namna Baba alivyokataa kukaa kwa wiki nzima.

Hakuna aliyemtazama Baba. Watu walikuwa na adabu. Kijana wa pikipiki peke yake ndiye aliyeshindwa kujizuia. "Mzee, umeona?"

"Nimeona," Baba akasema. "Yeye ana watu wa kumsukuma."

Hotuba ilikuwa ya Kiingereza, na Baba akaniuliza anasema nini, kwa hiyo nikasimama kando ya kitanda nikimtafsiria sikioni. Nilimwambia anasema anarithi nchi iliyoharibiwa kwa miaka mingi ya uongozi mbaya. Baba akauliza, "Na yule mwingine bado amekaa hapo?" Nikasema amekaa hapo hapo, karibu naye. Akanifinya mkono. Nilimwambia anasema ufisadi hautakuwa tena desturi ya maisha. Hapo alitoa sauti puani, na askari wa mlango, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akatazama viatu vyake.

Lililonishika mimi zaidi lilikuwa ahadi waliyoirudia kwenye kampeni nzima, ya shule ya msingi bila karo. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka kumi na tangu muhula wa pili alikuwa nyumbani kwa ajili ya pesa za madawati na mitihani. Alikuwa akija hospitali kila siku na daftari lake la mwaka jana, akiandika upya juu ya maandishi yake mwenyewe, akifuata penseli kwa kalamu. Wiki iliyofuata, Jumatatu ya tarehe 6 Januari, alirudi darasa la nne. Zaidi ya watoto milioni moja walijitokeza nchini mwaka ule. Darasani mwao walikuwa 94, akaketi sakafuni, na alirudi nyumbani akinukia jasho la wenzake na furaha isiyokuwa na kifani. Hilo lilikuwa kweli. Miaka hii, watu wanapoicheka siku ile mbele yangu, mimi hulikumbuka daftari lile.

Saa mbili za usiku mtoto wa jirani alikuja mbio kuniita: simu kibandani. Sauti ya kaka ilikuwa imekauka kabisa, kama ya mtu aliyemeza mchanga.

"Dada! Nimemwona! Nilikuwa hapa, hapa, kama kutoka kwako hadi mlangoni!"

"Pesa ziko wapi?"

Kimya. Nyuma yake nilisikia honi na watu wakiimba.

"Ziko."

"Ziko wapi?"

"Soksini. Dada, zilikuwa soksini siku nzima. Sikuvua kiatu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia kwamba Mama ameomba dua kwa basi la uongo. Nilimwambia Baba anarukaruka kwa mguu mmoja kwenda choo na yeye anakwenda kushangilia mzee wa watu katika kiti. Alinisikiliza mpaka kadi yake ikakaribia kwisha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nilitaka mmoja wetu awepo." Simu ikakatika. Sikujua la kumjibu wakati ule, na kwa kweli sijalipata.

Alifika Jumanne asubuhi kwa basi la usiku. Udongo ulikuwa umemkauka kwenye suruali mpaka magotini. Alisema alikuwa macho walipopita njia panda ya Machakos, saa sita za usiku, na basi zima lilinyamaza, kisha likapiga makofi. Alitoa pesa mbele ya Mama, noti zenye unyevu na harufu, akazihesabu: 18,200. Shilingi mia tatu alizitumia kwa bendera ya karatasi, soda mbili na mkate. Bendera alikuwa nayo. Mama alizichukua zile noti, akazipanga, akaingia jikoni. Hakumsemesha siku tatu, na kwa Mama hiyo ni adhabu kubwa kuliko bakora.

Na ofisi ya keshia ilifungwa mapema siku ile ya mwisho wa mwaka. Tarehe mosi ilikuwa sikukuu. Tulifika mbele ya dirisha tarehe 2 Januari, bili imefika 42,400, nasi tuna 40,900. Juu ya kichwa cha keshia picha ya Moi ilikuwa bado iko pale pale. Nadhani hakuna aliyewaambia cha kufanya nayo. Mama aliondoka bila kusema neno, akarudi baada ya saa mbili na shilingi 1,500 za kukopa kwa mama muuza viazi karai. Hizo 1,500 kaka na mimi tumezitania miaka mingi: tunaziita mchango wa familia yetu katika kumwapisha Kibaki. Tulizilipa mpaka mwezi wa Aprili, mia mia.

Kaka amenisimulia Uhuru Park mara nyingi, na kila mara umati unaongezeka. Kuna mwaka mmoja tu ambao hakuisimulia. Mwaka wa 2007, tarehe ile ile ya 27 Desemba, tulipiga kura tena, na Januari alishuka Mwembe Tayari na begi moja, chumba chake Nairobi kimeungua na kila kilichokuwamo. Baba alikuwa amekwisha kufariki, 2005. Tulikaa barazani, kaka na mimi, na hakuna aliyewasha redio.

Lakini nilikuwa kwenye tarehe 2 Januari, na karatasi yenye muhuri mkononi. Kaka alikuja na kiti cha magurudumu mpaka kitandani. Akakisimamisha, akafunga breki, akangoja. Baba alimtazama udongo uliobaki kwenye viatu. Kijana wa pikipiki alijifanya anakunja shuka.

"Alikuwa mzito?" Baba akauliza.

"Nani, Baba?"

"Huyo Kibaki. Waliokuwa wakimsukuma, walionekana kuchoka?"

"Walichoka, Baba. Palikuwa na mlima kidogo."

Baba akatoa mikono. Tulimwinua, tukamkalisha. Aliomba shati lake lenye mfuko, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Wale wa dirishani walimpigia makofi, na sista mkuu akatuambia tupunguze kelele.

Tulifika mpaka kwenye lango la nje. Pale kulikuwa na mhudumu wa viti, na mhudumu alisema kiti hakivuki lango bila ya kumwachia kitu kidogo cha chai. Teksi ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua arobaini. Kaka akasimama wima. Alimwambia mambo hayo yamekwisha Jumatatu, kwamba yeye mwenyewe alikuwepo, kwamba kama hakusikia hotuba amtafute mtu amsomee. Mhudumu akasema yeye hakualikwa kwenye hotuba. Watu wakaanza kukusanyika, wengine wakimuunga mkono kaka, mmoja akitaka askari aitwe. Sauti ya kaka, iliyokuwa bado haijapona, ilipanda na kukwama.

Mama alipita nyuma yangu. Nilimwona akifungua pindo la kanga, na nikaona noti ya hamsini ikitoka mkononi mwake na kuingia mkononi mwa mhudumu, na mhudumu, bila kuacha kubishana na kaka, akafungua lango. Kaka hakuona. Baba aliona. Mabega yake yalianza kutikisika, nikainama nikidhani analia.

"Nisukumeni," alisema, akijifuta macho. "Jua linaniunguza."